Mama Hayupo

Msomaji, kile kikohozi hakikuwa cha karani.

Kama Jumamosi iliyopita gazeti halikukufikia, nikuweke sawa upesi. Vidonge, yule dada mwenye duka la dawa ambaye wateja wake wamelisahau kabisa jina alilopewa na wazazi, alikuwa mbele ya meza ya Wakili, kalamu mkononi, sahihi yake bado mbichi juu ya karatasi. Alikuwa amekwisha kula kiapo kwamba mama yake mzazi, mkunga mstaafu wa miaka sabini na minne, akili zimemruka na wosia aliouandika haufai. Wakili akamuuliza mama yuko wapi saa hizo.

"Nyumbani. Amelala," Vidonge akajibu, macho makavu.

Ndipo mtu akakohoa nyuma ya mlango wa chumba cha mafaili.

Vidonge alikijua kikohozi kile tangu anabebwa mgongoni. Pembeni yake mdogo wake wa kiume, Dalali, mtu wa kuuza nyumba za watu na maneno mengi, aliacha kutikisa mguu.

Mlango ukafunguka. Mama Mkunga akatoka taratibu, mkoba kwapani, gauni lake la kutokea limepigwa pasi mpaka mikono, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Nimeamka," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wakili, mwanamke wa makamo asiyependa maneno ya ziada, alisimama akampisha kiti chake mwenyewe.

Vidonge akainamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kiti chake na ile kalamu ya watu.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Mama..."

"Nisomee. Aliyeandika huwa anasoma vizuri zaidi."

"Mama, haya tungeyazungumza nyumbani," Dalali akadakia.

"Wewe nyamaza. Zamu yako itafika."

Vidonge akasoma. Kwamba mama yake huacha jiko likiwaka.

"Jiko lile lililounguza sufuria yangu kubwa? Aliliacha nani?"

Vidonge akajifanya anatafuta mstari.

"Nakuuliza wewe. Nani alikuwa uani anapiga soga na simu nusu saa nzima, akarudi akakuta moshi?"

"Mimi."

"Haya. Endelea."

Kwamba mama yake huongea peke yake, hasa asubuhi.

Mama Mkunga alishika miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Siongei peke yangu. Naongea na baba yenu. Miaka arobaini na moja kila nikitoka zamu nilikuwa namweleza nani kajifungua, nani kanitukana. Sasa niache kwa sababu amekufa?"

Wakili akatazama dirishani. Hata Dalali alijishika kola ya shati. Baba yao, mwalimu mkuu ambaye mtaa wote ulimwita Mwalimu, alikuwa na miaka minne kaburini, na picha yake ingali ukutani sebuleni, na kweli kila asubuhi mama yao alisimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Lipo jingine?"

Lilikuwepo. Ndilo Vidonge alilokuwa amelibishia jana yake, Dalali akamwambia bila hilo karatasi haina meno, naye akakubali kwa kuchoka.

"Kwamba," akasoma, na machozi yakamtoka kabla ya maneno, "kwamba mama hawatambui tena watoto wake."

Mama Mkunga akavaa miwani. Akamkagua Dalali kuanzia viatu mpaka utosini. Kisha akamgeukia Vidonge, akamtazama kitambo kirefu, kama anayetafuta alama mwilini mwa mtoto.

"Hilo ni kweli," akasema. "Hawa siwatambui."

Dalali akaruka kitini.

"Basi tuseme ukweli! Nyumba ya vyumba vinane, iko barabarani kabisa, unawapa watu tusiowajua, na sisi watoto wako tungali hai! Ni yule Kupe amekuingia kichwani!"

Kupe ndilo jina Dalali alilompa binti mmoja nesi ambaye kwa mwaka mzima sasa alikuwa haondoki nyumbani kwa mama yao, leo anapima ukuta, kesho anahesabu madirisha. Mama alikuwa amemweka awe msimamizi wa hiyo nyumba. Vidonge naye alikuwa amelizoea jina lile. Alilitumia hata mbele ya wateja.

"Nawapa wanawake wanaotoka mbali, ambao siku zao zimekaribia," Mama akasema, bila kupandisha sauti. "Wapate pa kulaza ubavu wakingoja uchungu. Vyumba saba vyao. Cha nane nakaa mimi mpaka Mungu atakaponichukua, kisha nacho wachukue. Wadhamini wapo, hati ipo. Na cha kwenu nilikitoa kwanza. Waambie, Wakili."

Wakili akafungua faili.

"Kiwanja cha juu alipewa mtoto wa kiume, miaka mitatu iliyopita."

"Hakikumaliza mwezi," Mama akasema. "Alikiuza."

Dalali akaangalia saa yake.

"Fremu ya duka la dawa," Wakili akaendelea, "iliandikwa jina la mtoto wa kike mwaka jana, mwezi wa tatu."

Vidonge alidhani amesikia vibaya. "Fremu ipi?"

"Ile unayouzia dawa."

"Ile ina mwenyewe. Kuna mzee anaishi ng'ambo."

"Mzee huyo ni mimi," Mama akasema.

Miaka kumi na miwili! Miaka kumi na miwili Vidonge alikuwa akiwasifia wenzake mwenye fremu wake, mtu asiyegomba, asiyetuma mtu kuja kupiga kelele mlangoni, na paa likivuja fundi anakuja mwenyewe. Alikuwa akimsifia hata mbele ya mama yake. Mama anaitikia, "Watu wema bado wapo."

"Sasa nisikilize vizuri, Dada," Wakili akasema, na akaweka mezani barua mbili za madaktari. "Hawa wamempima mama yako mwezi uliopita, kila mmoja peke yake. Akili yake ni nzima kuliko yangu. Lakini tuseme mahakama ikuamini wewe. Kiapo chako kinasema ameharibikiwa tangu mwaka juzi. Hati ya duka lako aliisaini mwaka jana. Wosia ukianguka, na duka linaanguka nao."

Vidonge akageuka kumtazama mdogo wake. "Ulilijua hili?"

Dalali alinyoosha mkono, akakwapua kile kiapo juu ya meza, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni.

"Tutaonana kortini," akasema. "Sahihi ni ya kwako, Dada. Wala sikukushika mkono."

Mlango ukagongwa nyuma yake mpaka kioo kikatetemeka.

Wakabaki wanawake watatu. Vidonge alijikaza, akauliza kiapo kinafutwaje.

"Kwa kula kingine," Wakili akamjibu. "Mbele ya hakimu, kwa sauti, watu wanasikia. Unasema kile cha kwanza ulidanganya. Anaweza kukuachia kwa karipio. Anaweza asikuachie."

"Nitasema."

"Usinipe ahadi mimi. Mimi si mama yako."

Vidonge akapiga moyo konde, akamgeukia mama yake. Kumtazama usoni hakuweza, akatazama mkoba. "Mama, nimekosa. Sina la kujitetea. Lakini niambie kitu kimoja. Umezalisha watu maisha yako yote, mshahara wako umeishia kwa watu. Kwa nini na nyumba? Kwa nini nyumba nzima?"

Mama Mkunga hakumjibu yeye. Alimwambia Wakili, "Msomee pale mwanzo. Pale juu ya majina ya wadhamini."

Wakili akasita. Kisha akasoma: "'Ninaitoa nyumba hii kwa kumbukumbu ya mama mjamzito aliyefika getini kwangu saa saba mchana, mvua ikinyesha, akaambiwa sipo.'"

Kalamu ikamdondoka Vidonge.

Hapo, msomaji, turudi nyuma kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alirudi, na alifika kule akiwa hajatoka kitini.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alikuwa ametoka kazini baada ya siku mbili bila kufumba macho, amelala kwenye kochi na viatu miguuni, na nyumba ile, kama kawaida yake, ilikuwa imetoka tu kumuaga mzazi mmoja aliyelala chumbani kwa Vidonge wiki nzima. Vidonge alikuwa amechoka kulala chini. Amechoka kufua mashuka ya watu. Geti likabishwa. Akachungulia kwenye kitundu. Mwanamke kijana ameshikilia vyuma vya geti kwa mikono miwili, ameinama, na mama mtu mzima nyuma yake ana beseni la nguo kichwani, mvua inawachuruzika.

"Mkunga yupo?"

"Mama hayupo."

Maneno mawili. Akafunga kitundu.

Yule mwanamke alijifungulia barazani kwenye mashine ya kusaga, akamwagika damu, na alipofikishwa hospitali ilikuwa imekwisha. Mtoto alipona. Vidonge aliyasikia hayo kesho yake dukani, kwenye foleni ya sukari, watu wakisikitika, naye akasikitika nao. Hakumwambia mtu. Alidhani mama yake hajui.

Kwenye teksi ya kurudi nyumbani, mama na binti walikaa kila mmoja na dirisha lake. Walipita soko, wakapita kituo cha mafuta, ndipo Vidonge akapata sauti.

"Ulijua lini, Mama?"

"Jioni ile ile. Niliitwa hospitali. Nikamkuta yule bibi kakaa sakafuni na kitoto kimefungwa taulo. Akaniambia, mkunga, tulikuja kwako, tukaambiwa hupo." Mama Mkunga alipandisha kioo kidogo, vumbi lilikuwa linaingia. "Nami nilikuwa nimelala hatua ishirini kutoka getini."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja useme."

"Miaka ishirini na saba?"

"Mwanzo nilingoja kwa hasira. Baadaye nikazoea tu, kama mtu anavyozoea goti bovu."

Vidonge alijifunika uso kwa viganja. Dereva akapunguza redio, mtu wa watu, akidhani wamefiwa.

"Na yule mtoto?" aliuliza kutoka ndani ya viganja. "Alikwenda wapi?"

"Bibi yake alimlea. Mimi nilimsomesha. Sasa yuko nyumbani kwangu, anapima chumba ulichokuwa unalala."

Teksi ilikuwa imesimama. Vidonge hakushuka.

"Kupe?" alisema, na jina lile likamchoma ulimi.

"Mtoto wa watu," Mama akamsahihisha. "Hajui kama ni geti hili. Hajui kama ni wewe. Nimemwandika msimamizi wa nyumba hii mpaka azeeke, na siwezi kumwacha alale juu ya jambo asilolijua. Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi. Lakini leo."

Nesi alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, utepe wa kupimia mkononi, penseli sikioni. Magodoro mapya sita, yangali na nailoni zake, yalikuwa yamepangwa ukutani. Alipowaona aliinuka haraka akajipangusa magoti.

"Shikamoo, Mama. Dada, karibu. Hapa vitanda vitatu vinaingia, vinne tutabanana. Sijui wewe unaonaje?"

Kwa mwaka mzima Vidonge hakuwahi kumwitikia salamu yake vizuri. Sasa alimtazama mara ya kwanza. Aliona paji pana, vidole virefu, kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi. Alikuwa mtu, kumbe, muda wote ule.

"Kaa," akamwambia.

"Nimezoea kusimama, Dada."

"Kaa, nakuomba. Mimi ndiye nitasimama."

Nesi akaketi juu ya magodoro. Mama Mkunga akabaki mlangoni, ameshika fremu ya mlango.

Vidonge alikuwa amewahi kuwaambia watu majibu mabaya ya vipimo. Anajua namna ya kuanza kwa mbali, kupoza, kuzungusha. Yote yakamkimbia.

"Mama yako alikuja hapa," akasema. "Siku uliyozaliwa. Alibisha geti letu, mama yangu alikuwa ndani amelala, na mimi nikasema hayupo. Sikutumwa na mtu. Nilikuwa nimechoka kulala chini. Mama yako alikufa kwa sababu mimi sikutaka kulala chini tena."

Hakujifuta machozi. Aliona hana haki nayo.

Nesi alikunja utepe wake polepole mpaka ukaisha.

"Najua, Dada."

Mlangoni, Mama Mkunga akashtuka.

"Bibi alinionyesha geti hili nikiwa darasa la nne," Nesi akasema. "Hakunikataza kuja. Aliniambia tu, ni pale. Mwanzo nilikuwa nakuja dukani kwako nione sura yako. Nanunua dawa ya kichwa na kichwa hakiniumi."

"Na ukaniona."

"Nikakuona. Unamfokea kila mtu. Lakini wazee unawafungia dozi zao siku kwa siku, unachora jua na mwezi juu ya karatasi ili wasichanganye. Nilikuja kukuchukia, Dada. Nikashindwa kukuchukia vizuri." Alisita. "Sisemi imekwisha. Ipo. Kuna siku nalia mpaka leo. Ila afadhali umesema mwenyewe, sikutaka nikutoe maneno kwa nguvu."

Vidonge alianguka pale chini, akamshika miguu. Nesi hakumwinua, wala hakumsukuma.

Ingeishia hapo, msomaji, tungepangusa macho tukaenda zetu. Lakini Nesi aliinua kichwa akamtazama Mama Mkunga.

"Aliyebaki kunisumbua ni yule wa pili."

"Wa pili yupi?" Mama akauliza.

"Aliyetoka mara ya pili."

Vidonge, pale sakafuni, akaacha kulia ghafla, kama bomba lililofungwa.

"Bibi alisema walipoondoka walifika kona tu, uchungu ukazidi, wakarudi," Nesi akaendelea. "Wakabisha tena. Safari hiyo alitoka mwanamume. Mtu mzima, shati jeupe, kalamu nyekundu mfukoni. Akasema, 'Mke wangu hajafumba macho siku mbili. Mnataka kuniulia? Nendeni hospitali, si mbali.' Akafunga komeo."

Katika nyumba ile kulikuwa na mwanamume mmoja tu siku hiyo. Dalali alikuwa shule ya bweni.

Mama Mkunga aliachia fremu ya mlango. Alitafuta mahali pa kukaa kwa mkono, kama kipofu, akapata ukingo wa godoro.

"Mbona bibi yako hakuniambia?"

"Alisema ulikuwa unalia sana, Mama. Akaona la mume wako usibebeshwe siku ile ile. Halafu siku nyingine haikupatikana, hata alipokufa."

Huko sebuleni saa ya ukutani iligonga nusu. Mama Mkunga hakutoa chozi. Midomo yake ilicheza tu, bila sauti, na Vidonge alijua ilikuwa inamwambia nani.

Kisha yule mama akageuza kichwa, taratibu, mpaka macho yake yakamfikia binti yake pale chini.

"Wewe ulijua?"

Vidonge angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angembishia. Marehemu asingefufuka kumsuta. Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini, jepesi, kama lile la miaka ishirini na saba iliyopita.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Nilimwona anatoka, nikamsikia kila neno. Kesho yake habari zilipoenea, Baba aliniita uani, akaniambia hili libaki letu, mimi na yeye. Akalia, Mama. Sikuwahi kumwona analia. Nikanyamaza kwa ajili yake. Na alipokufa nikanyamaza kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," Mama Mkunga akarudia. "Kila asubuhi unanipita pale mbele ya picha, nampa habari zangu. Unanipita unakwenda kufungua duka."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaenda kuapa kwamba mimi ndiye nisiyetambua watu."

Vidonge akaiachia miguu ya Nesi.

Hapo mlango wa mbele ukasukumwa. Aliyeingia ni fundi wa mabango, mzee mchangamfu mwenye kopo la rangi mkono mmoja na brashi mkono mwingine, anajifutia viatu kizingitini mwa chumba bila habari yoyote.

"Mama, ubao umekauka, niko tayari kuandika," akasema kwa furaha. "Nataka tu uhakika wa jina, nisije nikaharibu. Ni 'Nyumba ya Mwalimu', si ndiyo? Kama ilivyo kwenye hati?"

Mama Mkunga alimtazama fundi. Akatazama brashi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyetembea mbali sana.

"Muulize binti yangu," akasema. "Leo yeye ndiye anayejua nani alikuwa nani humu ndani."

Na fundi, na Nesi, na mama yake mzazi, wote watatu wakamgeukia Vidonge.